Mama Tope akataa samaki wake wachanganywe

Kengele ya shule haijalia bado. Kando ya kisima kilicho nyuma ya jiko la shule, mwanamume mmoja amekaa kwenye kigoda, ameshika kamba. Kamba inatikisika mara moja. Anainuka, anajishika kiuno, anavuta. Ndoo inapanda imejaa tope jeusi linalonuka mayai viza. Anaimwaga pembeni, anairudisha chini, anakaa tena. Hajatamka neno. Katika ndoa hii, anasema baadaye, kazi ya kusema ina mwenyewe.

Mwenyewe yuko chini. Mwandishi wa makala haya alichungulia mara moja tu, akaona inatosha kusikiliza. Huko ndani, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, buti za mpira miguuni na taa kichwani, anachota tope kwa jembe lililokatwa mpini. Ndoo inayofuata inapanda na kiatu kimoja cha mtoto. Sauti inakifuata kutoka ardhini, nzito kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa: "Hapa shuleni nani ana mguu mmoja?"

Huyo ndiye Mama Tope. Jina hilo alipewa kwa dharau na mafundi visima wenzake, wanaume watupu, alipoanza kushuka baada ya baba yake kuumia mgongo. Walidhani litamkera aache. Yeye akalipaka rangi kwenye mkokoteni wa vifaa, herufi kubwa, MAMA TOPE – VISIMA, na siku hizi wateja wengi hawajui jina lingine. Lile la kwenye cheti analikumbuka akienda hospitali.

Mumewe ndiye mshika kamba. Anaogopa mashimo na halifichi hilo. Walimcheka sana zamani kwamba mke anashuka yeye amekaa juu kivulini. Huwajibu kwa upole kwamba wao wake zao hawawaamini hata na pochi, na yeye wake amemkabidhi uhai.

Kamba inatikisika mara tatu. Hiyo maana yake ni beseni. Mume anaufungua mkokoteni na kutoa beseni la kijani. La jekundu, ambalo liko juu yake na ndilo rahisi kulifikia, analiweka kando bila kulitumia. Lile la kijani analijaza maji ya kisima hicho hicho, analifunika gunia bichi, anasubiri. "Nikikosea rangi, leo nalala nje," anasema, wala hacheki.

Ndoo inapanda polepole safari hii. Ndani wamo samaki. Ni wadogo, urefu wa kidole, rangi ya waridi iliyopauka, wana masharubu kama kambare. Ukiinama vizuri unaona jicho, doa jeusi lisilozidi punje ya ufuta. Mtu akipitisha kivuli cha mkono juu ya beseni, wanatawanyika.

Watakaa humo mpaka tope liishe, kisha watarudishwa kwao. Wakati huo hakuna ndoo, kamba, wala buti iliyogusa maji haya itakayoingia kisima kingine kabla ya kusuguliwa na kuanikwa juani ikauke kabisa. Seti ya kijani ni ya kisima cha shule. Seti nyekundu ni ya kisima cha nyumbani alikozaliwa, ambako sasa anaishi kaka yake. Mafundi wengine hutumia ndoo moja mji mzima, na wanamwambia wazi kwamba anajitafutia mizigo. Naye huwajibu wazi, kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Ili kuelewa ukali wake, ni lazima mtu avuke barabara.

Ukitoka lango la shule unapita duka la vipuri vya baiskeli, kinyozi, halafu ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu, na hapo umefika kwa baba yake. Chai uliyoiacha mezani shuleni haijapoa. Katikati ya ua kuna kisima cha pili. Kina chake ni kile kile, mawe ya ukingo ni ya aina ile ile. Lakini samaki wanaotoka humo ni weupe kama nta, wembamba zaidi, masharubu yao yanakaribia nusu ya mwili, na macho hawana kabisa. Pale panapostahili jicho pamefungwa ngozi laini. Ukipitisha mkono juu yao hawana habari. Ukigusa beseni kwa ukucha, wote wanageuka.

Kwa miaka mingi Mama Tope aliamini giza ndilo lililowapofusha, kama mtu anayeharibu macho kwa kushona gizani. Aliyemtoa kwenye imani hiyo ni mwalimu wa sayansi wa shule hiyo, mama mwenye sauti ndogo ambaye siku moja alikuja na tochi kuangalia kinachofanyika nyuma ya jiko, akachelewa kipindi.

"Giza halijampofusha yeyote," mwalimu anaeleza. "Katika kila kizazi wamo wenye macho makubwa kidogo na wenye macho madogo kidogo. Penye mwanga, mwenye jicho dogo anashindwa kupata chakula. Penye giza totoro hapungukiwi kitu, tena mwili wake haupotezi nguvu kulilisha jicho lisilofanya kazi. Basi anaishi, anazaa, na watoto wanamfuata. Sasa rudia hivyo vizazi kwa maelfu."

Kisima cha shule kina ufa mpana wa kale kwenye mwamba unaoingiza mwanga kidogo hadi kwenye maji, na chakula, yaani wadudu na majani, huelea juu. Kile cha nyumbani ni giza tupu, na chakula kimezama kwenye tope, hutafutwa kwa masharubu. Mwalimu anadhani zamani sana maji ya chini yalikuwa mamoja na samaki walikuwa ukoo mmoja. Maji yakashuka, mwamba mweusi ukabaki katikati kama ukuta, kila upande ukabaki na wake.

Kwamba ukuta huo upo, Mama Tope hakuhitaji kuambiwa. Aliwahi kukikausha kisima cha shule kwa pampu mpaka akatembea chini kwa viatu vya kawaida, na kile cha nyumbani hakikushuka hata upana wa kidole. Alichokuwa hajui ni kwamba ukuta ndio uliofanya kazi yote. Mwalimu alimweleza kuwa kama kungekuwa na njia, hata ndogo, samaki wangekuwa wanavuka na kuzaana, na tofauti zingefifia kila zilipoanza. Kwa kuwa hakuna anayevuka, kinachobadilika upande huu hakimfikii wa upande ule.

Mwalimu aliongeza jambo moja, na hilo ndilo lililomkaa Mama Tope moyoni. Samaki hawa, alisema, huenda hawajaachana kabisa. Ukiwaweka pamoja inawezekana bado watazaana. Wako njiani tu.

Mama Tope alilichukua hilo akaligeuza lake. "Sasa fikiria," anasema akiwa amekaa ukingoni, miguu inaning'inia shimoni, "mtu yuko safarini tangu enzi hizo, hakuna aliyemsindikiza, hakuna aliyempa hata nauli. Wewe unatokea na ndoo yako ya plastiki unamrudisha stendi."

Hasemi hivyo kwa kukisia. Kulikuwa na kisima cha tatu, kwenye kiwanda cha mikate, nacho kilikuwa na samaki wake. Walikuwa wafupi, mkia una mstari wa kijivu, na walipenda kujibana chini ya jiwe moja lililotokeza ukutani. Fundi mmoja, mtu mwema ambaye Mama Tope hana ugomvi naye, alipewa kazi pale, akaona viluwiluwi vya mbu vimejaa juu ya maji. Alikuwa na samaki wa shuleni kwenye ndoo, akawamwaga humo. Mafundi huita hivyo kuacha mbegu, na ni heshima kwa mteja, kama duka linavyokuongezea kidogo juu ya ulichonunua.

Mbu kweli walipungua. Wenye kiwanda wakashukuru. Mama Tope alipokuja kushuka mle miaka michache baadaye, alimulika chini ya lile jiwe na hakukuta kitu. Alimulika kisima kizima. Wote walikuwa wa waridi, wana punje ya ufuta, na wachache waliokuwa na mstari mkiani ulikuwa umefifia mpaka unautilia shaka. Wa shuleni ni walafi zaidi, anasema. Pengine walikula mayai ya wenyeji, pengine waliwaoa, pengine yote mawili.

"Nililia. Andika kwamba nililia. Nilitikisa kamba mara mbili anipandishe, huyu akafikiri nimeumia."

Mumewe anatikisa kichwa kukubali. Alimkagua mikono na miguu, hakuona jeraha, akazidi kuogopa.

Basi hapo ndipo alipokuwa, mwaka huu, kaka yake alipotangaza kwamba anakifukia kisima cha nyumbani.

Tumtendee haki kaka mtu. Majirani wanamwita Bwana Vyumba kwa sababu kila akipata fedha anaongeza chumba cha kupangisha, lakini si mchoyo na si mtu wa fujo. Bomba lilishaingia mtaani, hakuna anayechota maji yale. Wapangaji wana watoto wanaokimbia uani mchana kutwa, na usingizi wake, anasema, umejaa watoto wanaotumbukia. Ana wanawe wawili chuoni. Pale penye kisima panatosha vyumba viwili na choo. Ukimsikiliza peke yake, unaona kabisa kwamba yuko sahihi.

Na suala la samaki alilifikiria. Alijua mdogo wake atapiga kelele, akaenda dukani akanunua ndoo mpya yenye mfuniko, nzuri, akampelekea kama zawadi. Awakusanye wote, akamwambia, awapeleke kisima cha shule. Ni hapo tu ng'ambo ya barabara, maji ni maji, na wataishi na wenzao.

Mama Tope anakiri kwamba aliishika ile ndoo muda mrefu. Alijua imenunuliwa kwa upendo, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Kisha akamwambia kaka yake kwamba ndoo ile ni jeneza. Kaka akakasirika, kama ambavyo ningekasirika mimi. Wakaachana hawajaagana. Ndoo bado ipo, wanawekea nyanya.

Mwalimu naye aliulizwa kama kuna njia nyingine. Akajaribu. Aliwapeleka wachache kwenye tangi la kioo darasani, maji ya kwao, kitambaa cheusi juu, na wote wakafa kabla ya wiki kwisha. Hakujua kosa lilikuwa wapi, na Mama Tope naye hakujua. Ilibaki shimo au hakuna.

Kaka alikuwa ameahidi kwamba kazi ya kufukia itaanza mwisho wa mwezi, ili dada apate muda wa kuzoea. Lakini jengo moja lilikuwa linabomolewa mtaa wa pili, na dereva wa lori akamwambia Bwana Vyumba kwamba kifusi ni cha bure akikichukua leo. Nani anakataa cha bure? Aliyempigia simu Mama Tope ni wifi yake, mke wa kaka huyo huyo, aliyenong'ona maneno mawili akakata: lori limekuja.

Walikimbia na mkokoteni, mke mbele, mume nyuma, wakalikuta lori linarudi kinyumenyume getini. Mama Tope hakusalimia mtu. Alivaa buti nyekundu, akafunga kamba kiunoni, akashuka. Wanaouelezea mkasa ule wanasema aliteremka kama anayekwenda sebuleni kwake.

Kaka akainama ukingoni akamwambia atoke, asimtie aibu mbele ya watu. Jibu likapanda kutoka chini, neno moja.

"Mwagaaa."

Akalirudia kila alipoombwa atoke. Dereva alitoa kichwa dirishani kuuliza nani atajibu mashtaka mtu akifukiwa. Hapo ndipo mume, ambaye kwa kawaida hufunga ncha ya kamba kwenye mti wa kapi, ule unaobeba gurudumu la kamba juu ya kisima, aliifungua kutoka kwenye mti akajifunga yeye kiunoni. Akapiga fundo, akalijaribu, akasogea ukingoni, mtu ambaye mashimo yanamtoa jasho. Akamwambia shemeji yake kwa sauti ile ile ya siku zote: "Shemeji, sisi tuko wawili kwenye kamba hii. Fanya hesabu yako vizuri."

Dereva akazima injini. Kifusi alikwenda kukimwaga kwenye shimo la barabara, na anasemwa vizuri kwa hilo mpaka leo.

Gazeti lilipomuuliza Mama Tope kama alijua mumewe amefanya nini juu, alisema alihisi kamba imelegea kisha ikakaza tofauti, kama imeshikwa na kitu kinachopumua. Akasema watu wanadhani yeye ndiye jasiri katika nyumba yao, na kwamba hawaoni mbali.

Lakini kuzuia lori moja si kuokoa kisima. Malori yapo mengi na kaka ana hati ya kiwanja. Siku tatu baadaye Mama Tope alioga, akavaa gauni la harusini, akaenda kukaa kwenye sebule aliyokulia. Ramani ya vyumba vipya ilikuwa mezani. Akaanza kwa kumkumbusha kaka yake kwamba baba alizaa watoto wawili.

Baba alipofariki, mali haikugawanywa. Dada alikuwa ameolewa, kaka alikuwa na watoto wadogo, na yeye mwenyewe alisema mbele ya ndugu kwamba nyumba ikae kwa kaka, hayo mengine yatazungumzwa. Hayakuzungumzwa. Alikuwa hajawahi kuyaulizia, na kaka alishasahau kwamba yanaweza kuulizwa.

"Kaka, nyumba kaa nayo. Vyumba ni jasho lako, sivitaki. Mimi nipe shimo," alisema. "Shimo, na nafasi ya mtu kulizunguka akiwa na ndoo. Liandikwe jina langu, lile la kwenye cheti."

Kaka alicheka. Alidhani ni utani, kwani ni nani anayeomba urithi wa shimo. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, hata mkewe aliyekuwa anamimina chai. Akauliza, na akikataa?

"Ukininyima shimo, nitaomba nusu."

Ni wifi aliyejibu kwanza. Alisema chai inapoa, kisha, akiwa bado ameshika birika, akamwambia mumewe kwamba hata yeye angekuwa dada, angedai nusu tangu mwaka ule wa msiba.

Mwandishi alipofika kwa Bwana Vyumba wiki iliyopita, fundi ujenzi alikuwa anang'oa vigingi na kuvipigilia upya. Msingi wa chumba cha kwanza umesogea. Cha pili kimefutwa, na choo kitakaa nyuma kabisa ya ua, mbali na maji ya kisima. Hilo nalo Mama Tope alilidai. Karatasi za mgawanyo ziko kwa mjumbe wa mtaa zikisubiri sahihi. Bwana Vyumba hajifanyi kufurahi. Anasema amepoteza kodi ya chumba kizima kwa ajili ya vitu visivyoliwa wala kuuzwa, na kwamba mdogo wake ni mkaidi tangu anatambaa. Anasema walinyonya titi moja na hajui yule aliipata wapi roho ile.

Mdogo mtu anapanga kazi. Kwanza ni kifuniko cha chuma, ili kaka alale na wale watoto watoke ndotoni mwake. Kitakuwa cha nondo nzito zilizosukwa kwa nafasi ndogo, mguu wa mtoto usipite, ila wadudu na vumbi vidondoke, maana samaki wanakula kinachoanguka. Kitakuwa na kufuli na funguo mbili, moja yake na moja ya mwalimu. Akimaliza hapo anataka kuwazungukia mafundi visima wote mjini, mmoja mmoja, awaombe waache kuacha mbegu. Wengine wameshamwambia asisumbuke kuja. Atakwenda.

Mafundi wawili wanaofika kupima kifuniko wanataka kujua upana, na Mama Tope anawaelekeza kwa mikono. Bwana Vyumba anawatazama kutoka barazani. Ana swali moja ambalo linamkera kweli, na analitoa kwa sauti ili gazeti lisikie: mpangaji mpya akija, akaona vyumba vinauzunguka uwanja mtupu wenye shimo lililofungwa kufuli katikati, yeye amwambie nini?

Mama Tope hainui hata kichwa.

"Mwambie chini kuna wapangaji. Walikuja kabla ya baba. Kodi hawalipi, na hawahami."